Distonia: Tiba Zilizopo na Hatua za Kufuata kwa Mgonjwa na Familia

Shingo inayojipinda upande mmoja bila mwenyewe kutaka, kope zinazofumba ghafla wakati mtu anavuka barabara, mkono unaokakamaa kila unaposhika kalamu na mguu wa mtoto unaogeukia ndani anapotembea ni dalili ambazo kwa macho ya kawaida hazifanani. Hata hivyo, zote zinaweza kutokana na tatizo moja la mfumo wa fahamu liitwalo distonia. Kwa wagonjwa wengi tatizo hilo halina dawa ya kuliondoa moja kwa moja, lakini zipo tiba kadhaa zinazopunguza makali yake, na lipo kundi la wagonjwa ambalo, likitambuliwa mapema, hurejeshewa uwezo wa kutembea, kuandika na kujitegemea kwa vidonge vya kawaida.

Wananchi wanapaswa kuzifahamu tiba hizo kwa sababu mgonjwa wa distonia anaweza kupoteza miaka mingi kabla ya kupata jina la ugonjwa wake. Katika miaka hiyo huweza kutibiwa kifafa asichokuwa nacho, kufanyiwa maombi na matambiko ya kuondoa pepo, au kuambiwa kwamba anajifanya. Mtoto huacha shule, fundi huacha kazi, na familia huuza mali kutafuta tiba isiyohusiana na tatizo lenyewe.

Distonia ni nini

Mwili wa binadamu hufanya kila tendo kwa maelewano ya misuli: msuli mmoja unapokaza, ule wa upande wa pili hulegea. Maelewano hayo husimamiwa na sehemu za ndani ya ubongo zinazoratibu mijongeo, zikishirikiana na ubongo wa nyuma. Katika distonia usimamizi huo huvurugika. Misuli inayopaswa kulegea hukaza, na inayopaswa kukaza hukaza kupita kiasi, hivyo kiungo hujipinda, hujisokota au hurudia mjongeo uleule bila hiari ya mwenyewe. Misuli yenyewe na mifupa kwa kawaida huwa haina kasoro. Kasoro iko katika amri zinazotoka kwenye ubongo.

Jina la ugonjwa huu lilitolewa mwaka 1911 na daktari wa Ujerumani, Hermann Oppenheim. Pamoja na hayo, kwa miongo mingi iliyofuata wagonjwa wengi duniani waliendelea kuhesabiwa kuwa wana matatizo ya kisaikolojia. Kuanzia miaka ya 1970, kazi ya David Marsden na wenzake jijini London ilisaidia kuthibitisha kwamba ni ugonjwa wa ubongo kama yalivyo magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu. Mwaka 1997 wanasayansi walibaini jeni iitwayo TOR1A, ambayo hitilafu yake husababisha aina mojawapo ya distonia inayoanza utotoni na kusambaa mwilini.

Distonia hugawanywa kwa kuangalia sehemu ya mwili iliyoathirika. Ipo inayoshika sehemu moja tu, kama shingo, kope, taya, nyuzi za sauti au mkono wa kuandikia. Aina hii huanza zaidi ukubwani na kwa kawaida haisambai mwili mzima. Ipo inayoshika sehemu mbili au zaidi zinazopakana, inayoshika upande mmoja wa mwili, na inayoenea mwilini kote. Kadiri ugonjwa unavyoanza katika umri mdogo, hasa ukianzia mguuni, ndivyo uwezekano wa kusambaa unavyokuwa mkubwa zaidi.

Mgawanyo wa pili huangalia chanzo. Baadhi ya wagonjwa hurithi hitilafu ya vinasaba. Wengine hupata distonia baada ya ubongo kudhurika, kwa mfano kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kiharusi, ajali ya kichwa au maambukizi ya ubongo. Wengine huipata kutokana na dawa walizotumia. Kwa wagonjwa wengi, hasa watu wazima wenye distonia ya sehemu moja, chanzo hakionekani hata baada ya vipimo.

Kwa nini huchelewa kutambuliwa

Sababu ya kwanza ni kwamba distonia hufanana na magonjwa mengine ambayo jamii inayafahamu zaidi. Mkakamao wake hufananishwa na pepopunda au degedege, na mjongeo wake wa kujirudia hufananishwa na kifafa. Tofauti moja muhimu ni kwamba katika distonia mgonjwa hubaki na fahamu zake zote. Anasikia, anaelewa na anakumbuka kila kilichotokea, wakati katika kifafa cha kuanguka mgonjwa hupoteza fahamu. Kwa watoto, distonia huweza kudhaniwa kuwa mtindio wa ubongo, na kwa kuwa familia huambiwa kwamba mtindio hauponi, uchunguzi huishia hapo.

Sababu ya pili ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Dalili huongezeka mgonjwa anapochoka, anapokuwa na wasiwasi au anapotazamwa na watu, na kwa kawaida hupungua au kutoweka anapolala. Mgonjwa mwenye shingo iliyopinda huweza kuinyoosha kwa kugusa tu kidevu au shavu kwa kidole. Mwingine ambaye mkono wake hukataa kuandika hutumia mkono huohuo kupika au kushona bila shida. Wapo ambao hutembea kwa taabu kwenda mbele lakini wakirudi kinyumenyume huenda vizuri. Mambo haya humfanya asiyeujua ugonjwa aamini kuwa mgonjwa anaigiza. Kwa daktari anayeufahamu, hizo ndizo alama zinazomwelekeza kwenye distonia.

Sababu ya tatu ni uhaba wa wataalamu na uelewa mdogo wa magonjwa ya mijongeo kwa ujumla. Katika utafiti uliofanyika nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kuhusu ugonjwa wa Parkinson, ambao nao ni ugonjwa wa mijongeo, ilibainika kuwa wengi wa waliokutwa na ugonjwa huo hawakuwa wamewahi kutambuliwa hapo kabla. Hali hiyo inaonesha namna magonjwa ya aina hii yanavyoweza kuishi katikati ya jamii bila kuonekana katika takwimu za hospitali.

Hatua ya kwanza: kutafuta chanzo kinachotibika

Kabla ya kuchagua tiba ya kupunguza dalili, daktari huanza kwa kujiuliza kama mgonjwa ana moja ya vyanzo vichache ambavyo vina tiba mahususi. Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na sehemu kubwa yake haihitaji mashine za gharama.

Chanzo cha kwanza ni dawa. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, hususan metoklopramidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na klopromazini, huweza kusababisha distonia ya ghafla ndani ya saa au siku chache tangu mgonjwa aanze kuzitumia. Watoto na vijana ndio wanaopata zaidi athari hii. Macho hugeukia juu na kubaki huko, shingo huvutwa nyuma, ulimi hutoka nje na taya hubana. Familia inayoshuhudia hali hiyo kwa mara ya kwanza hushikwa na hofu, na si ajabu kumpeleka mgonjwa kwa mganga badala ya hospitali. Ukweli ni kwamba hali hii hutibika haraka: sindano ya dawa kama biperideni au promethazini, ikitolewa na mhudumu wa afya, huweza kuilegeza misuli ndani ya dakika chache. Misuli ya koo ikishikwa mgonjwa huweza kushindwa kupumua, kwa hiyo ni dharura na si jambo la kusubiri kupambazuke.

Mgonjwa au ndugu yake anapaswa kumweleza mhudumu dawa zote zilizotumika katika siku zilizotangulia, zikiwemo zile zilizonunuliwa katika duka la dawa muhimu bila cheti cha daktari. Anayetumia dawa za magonjwa ya akili hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari ndiye atakayepunguza dozi, kubadilisha dawa au kuongeza dawa ya kuzuia athari hiyo. Athari za dawa zinaweza pia kutolewa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kupitia kituo cha kutolea huduma.

Chanzo cha pili ni upungufu wa kemikali iitwayo dopamini ndani ya ubongo kutokana na hitilafu ya kurithi. Aina hii ya distonia huanza mara nyingi utotoni, na huwapata zaidi wasichana. Mtoto huamka asubuhi akitembea vizuri, lakini kadiri siku inavyokwenda mguu huanza kugeukia ndani, na jioni huweza kushindwa kutembea kabisa. Akilala na kuamka, hali huwa nafuu tena. Ugonjwa huu, ambao daktari Masaya Segawa wa Japani aliueleza katika miaka ya 1970, hutibika kwa dozi ndogo ya dawa ya levodopa, ileile inayotumika kwa ugonjwa wa Parkinson. Matokeo huonekana ndani ya siku au wiki chache, na wagonjwa wengi huendelea vizuri kwa miaka mingi kwa dozi hiyo ndogo.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa magonjwa ya mfumo wa fahamu hushauri kwamba mtoto au kijana mwenye distonia isiyo na sababu ya wazi apewe levodopa kwa majaribio kwa muda maalumu chini ya uangalizi wa daktari. Asipopata nafuu, dawa husitishwa kwa utaratibu na tiba nyingine hufuata. Akipata nafuu, mtoto aliyedhaniwa kuwa na mtindio wa ubongo huweza kurudi darasani kwa miguu yake mwenyewe. Levodopa ikichanganywa na karbidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Chanzo cha tatu ni ugonjwa wa Wilson, ambao mwili hushindwa kuondoa madini ya shaba, na shaba hiyo hujikusanya katika ini, ubongo na macho. Ugonjwa huu ni wa nadra, lakini usipotibiwa huua, na ukitibiwa mapema mgonjwa huweza kuishi maisha ya kawaida. Huchunguzwa kwa vipimo vya damu na mkojo pamoja na kipimo cha macho kinachoangalia duara la rangi ya kahawia kwenye ukingo wa mboni. Tiba yake ni dawa za kuondoa shaba mwilini au madini ya zinki yanayozuia shaba kufyonzwa, na hutumika maisha yote. Kijana mwenye distonia pamoja na dalili za ugonjwa wa ini au mabadiliko ya tabia anapaswa kuchunguzwa ugonjwa huu bila kuchelewa.

Tiba ya vidonge

Pale ambapo chanzo mahususi hakikupatikana, tiba hulenga kupunguza mkakamao, maumivu na ulemavu. Dawa ya vidonge inayotumika zaidi kwa distonia iliyoenea, hasa kwa watoto na vijana, ni triheksifenidili, ambayo katika vituo vingi hufahamika kwa jina la benzheksoli. Huanza kwa dozi ndogo inayoongezwa polepole kwa wiki kadhaa, na kwa kawaida watoto huivumilia kuliko wazee. Maudhi yake ni kukauka kinywa, kuona ukungu, kufunga choo, kushindwa kukojoa vizuri na, hasa kwa wazee, kuchanganyikiwa na kusahau.

Katika hospitali nyingi dawa hii huwapo kwenye kliniki za afya ya akili, kwa sababu hutumika pia kuzuia athari za dawa za magonjwa hayo. Baadhi ya familia hukataa dawa zikidhani kwamba mgonjwa wao amehesabiwa kuwa na ugonjwa wa akili. Kupewa dawa hiyo hakumaanishi hivyo. Dawa moja huweza kutumika kwa magonjwa mawili tofauti, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari sababu ya kuandikiwa kila dawa.

Dawa nyingine ni baklofeni, ambayo hulegeza misuli na husaidia zaidi watoto wenye mtindio wa ubongo ulioambatana na distonia, pamoja na klonazepamu na diazepamu, ambazo hupunguza mkakamao na wasiwasi lakini huleta usingizi na mazoea ya mwili. Tetrabenazini hutumika kwa baadhi ya wagonjwa waliopata distonia baada ya kutumia dawa za magonjwa ya akili kwa muda mrefu. Mgonjwa huweza kuhitaji kujaribu dawa zaidi ya moja kabla ya kupata inayomfaa.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni kutoacha dawa hizi ghafla. Kusitisha baklofeni au dawa za jamii ya diazepamu kwa mara moja huweza kusababisha degedege na hali ya hatari. Kuacha triheksifenidili ghafla nako huweza kuurudisha mkakamao kwa nguvu zaidi. Mgonjwa anayesafiri, au anayeona kwamba dawa zake zinakaribia kwisha, anashauriwa kurudi kituoni kabla ya kidonge cha mwisho.

Sindano ya botulinamu

Kwa distonia ya sehemu moja, kama shingo, kope, taya au nyuzi za sauti, tiba inayopewa kipaumbele duniani ni sindano ya botulinamu. Dawa hii hutengenezwa kutokana na sumu ya bakteria aina ya Clostridium botulinum, ikiwa imesafishwa na kupimwa kwa kiwango kidogo sana. Daktari huichoma ndani ya msuli unaokaza, nayo huzuia ujumbe wa mshipa wa fahamu usifike kwenye msuli huo. Msuli hulegea, na kiungo hurudi katika mkao unaovumilika. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa tatizo la kope na makengeza mwaka 1989, na kwa distonia ya shingo mwaka 2000.

Nafuu huanza baada ya siku chache, hufikia kilele baada ya wiki kadhaa, na hudumu kwa takriban miezi 3. Baada ya hapo sindano hurudiwa. Mgonjwa anapaswa kulielewa hili tangu mwanzo ili asikate tamaa dalili zinaporudi, na ili apange gharama za mwaka mzima badala ya sindano moja. Kwa kawaida sindano hazirudiwi kabla ya wiki 12, kwa kuwa kuzirudia mapema huongeza uwezekano wa mwili kutengeneza kinga inayoifanya dawa isifanye kazi.

Madhara hutegemea mahali palipochomwa. Sindano ya shingo huweza kuleta ugumu wa kumeza, na ya kope huweza kufanya jicho lisifunguke vizuri kwa muda. Kwa kawaida madhara haya hupungua kadiri nguvu ya dawa inavyopungua, lakini mgonjwa anayeshindwa kumeza au kupumua arudi hospitali mara moja. Kabla ya kuchomwa, mgonjwa amweleze daktari kama ni mjamzito, ananyonyesha, ana ugonjwa wa udhaifu wa misuli, au anatumia dawa nyingine, zikiwemo antibaotiki kama jentamisini, ambazo huweza kuzidisha nguvu ya sindano.

Dawa hii huhitaji kuhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi joto 2 hadi 8 na daktari mwenye ujuzi wa kuitambua misuli husika. Kwa sababu hizo hupatikana katika hospitali chache na bei yake ni kubwa. Wananchi wanaonywa kutokubali kuchomwa sindano hiyo katika saluni au sehemu za urembo kwa lengo la kutibu distonia. Dozi za urembo na za ugonjwa hutofautiana, na kosa dogo katika misuli ya shingo huweza kuhatarisha maisha.

Upasuaji

Mgonjwa ambaye dawa na sindano hazikumsaidia, hasa mwenye distonia iliyoenea, huweza kufikiriwa kwa upasuaji wa kuweka kichocheo cha umeme ndani ya ubongo. Nyaya nyembamba huingizwa hadi sehemu ya ndani inayoratibu mijongeo, na huunganishwa na kifaa chenye betri kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua. Kifaa hicho hutoa umeme mdogo unaotuliza amri zisizo sahihi. Marekani iliruhusu matumizi yake kwa distonia mwaka 2003.

Matokeo yake hayaji siku ileile. Nafuu huongezeka kwa wiki na hata miezi, huku daktari akirekebisha kiwango cha umeme. Watoto na vijana wenye hitilafu ya jeni ya TOR1A ni miongoni mwa wanaonufaika zaidi, hususan wanapofanyiwa kabla viungo havijakakamaa moja kwa moja. Wale ambao distonia yao ilitokana na ubongo kudhurika hunufaika kwa kiwango kidogo zaidi. Upasuaji una hatari zake, zikiwemo kuvuja damu ndani ya ubongo na maambukizi, na kifaa huhitaji ufuatiliaji na kubadilishwa betri.

Huduma hii haipatikani katika hospitali nyingi barani Afrika. Familia inayoambiwa kwamba upasuaji nje ya nchi ndilo suluhisho pekee inashauriwa kwanza kuhakikisha kwamba mgonjwa ameonwa na daktari bingwa wa mfumo wa fahamu, amejaribiwa levodopa, amechunguzwa vyanzo vinavyotibika na ametumia dawa nyingine kwa dozi na muda wa kutosha. Kuuza shamba kabla ya hatua hizo kukamilika ni hasara inayoweza kuepukika. Inapothibitika kwamba upasuaji unahitajika, familia iulize pia ni nani atakayefuatilia kifaa hicho mgonjwa atakaporejea nyumbani.

Utengamao na afya ya akili

Tiba za hospitali hukamilishwa na huduma za utengamao. Mtaalamu wa fiziotherapia humfundisha mgonjwa mazoezi ya kunyoosha misuli, mkao unaopunguza mkakamao na namna ya kulinda viungo visikakamae. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo humsaidia kubadili vifaa vya kazi na vya nyumbani, kama kalamu nene, kijiko chenye mpini mpana au kiti kinachoshika shingo. Mwenye distonia ya sauti au ya kinywa husaidiwa na mtaalamu wa tiba ya kuongea na kumeza. Kukanda kiungo kwa nguvu au kukifunga kwa mbao ili kinyooke hakutibu distonia, na huweza kuongeza maumivu au kuvunja mfupa.

Sonona na wasiwasi huwapata wagonjwa wengi wa distonia, na kutibu hali hizo ni sehemu ya tiba yenyewe. Mpiga piano mashuhuri wa Marekani, Leon Fleisher, alipoteza uwezo wa kutumia mkono wake wa kulia mwaka 1964 kutokana na distonia. Aliendelea kufundisha, kuongoza okestra na kupiga nyimbo za mkono wa kushoto, na baada ya miaka zaidi ya 30, akisaidiwa na sindano za botulinamu pamoja na tiba ya kukanda misuli, alirudi jukwaani akitumia mikono yote miwili. Habari zake zinaonesha kwamba mtu mwenye distonia huweza kuendelea kuzalisha hata kabla tiba haijapatikana.

Kinga ya baadhi ya distonia

Ingawa distonia ya kurithi haizuiliki kwa urahisi, ile inayotokana na ubongo wa mtoto kudhurika huweza kupunguzwa. Manjano makali kwa mtoto mchanga yasipotibiwa huharibu sehemu zilezile za ubongo zinazoratibu mijongeo, na mtoto hubaki na distonia maisha yake yote, mara nyingi pamoja na upungufu wa kusikia. Tiba ya manjano ni mwanga maalumu unaopatikana hospitalini, na huokoa ubongo ikitolewa kwa wakati. Mzazi anayeona macho au ngozi ya mtoto mchanga ikigeuka manjano, hasa ndani ya saa 24 za kwanza au mtoto anapokataa kunyonya, ampeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kumwanika mtoto juani hakutoshi. Kujifungulia katika kituo cha afya na kukamilisha chanjo navyo hupunguza vyanzo vingine vya kudhurika kwa ubongo.

Safari ya tiba na gharama zake

Mgonjwa mwenye dalili zilizotajwa anapaswa kuanzia kituo cha kutolea huduma kilicho karibu naye, yaani zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kuomba rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda. Huduma za kibingwa hupatikana katika hospitali za ngazi ya juu kama Hospitali ya Taifa Muhimbili, KCMC mkoani Kilimanjaro na Bugando mkoani Mwanza, huku Taasisi ya MOI jijini Dar es Salaam ikiwa kitovu cha upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Ili kumsaidia daktari, familia inashauriwa kufika na mambo manne: picha ya video iliyopigwa kwa simu ikionesha dalili zinapokuwa kali na zinapopungua, orodha ya dawa zote zilizowahi kutumika, maelezo ya namna dalili zinavyobadilika kuanzia asubuhi hadi usiku, na taarifa kama yupo ndugu mwingine mwenye dalili zinazofanana. Video ya dakika moja huweza kuokoa miezi ya kutafuta jina la ugonjwa, kwa kuwa dalili huweza kutoonekana mgonjwa akiwa mbele ya daktari.

Kuhusu gharama, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mwanachama wa skimu yoyote ya bima anashauriwa kuuliza mapema ni dawa na huduma zipi zimo katika kitita chake. Asiye na uwezo wa kulipia anaelekezwa kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuacha tiba.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi na inataka mazingira ya kazi na elimu yarekebishwe ili mwenye ulemavu ashiriki. Mwanafunzi ambaye mkono wake hukataa kuandika anaweza kuombewa utaratibu maalumu wa mitihani, na mtumishi anaweza kuomba kubadilishiwa majukumu badala ya kuacha kazi.

Dharura isiyosubiri

Upo wakati ambapo distonia hubadilika na kuwa dharura. Mkakamao unapoendelea mwilini kote bila kupumzika, mgonjwa akawa na homa, jasho jingi, mkojo wa rangi nyeusi, ugumu wa kumeza au wa kupumua, anapaswa kufikishwa hospitali mara moja, kwa kuwa hali hiyo huharibu figo na huweza kuua. Njiani alazwe ubavu, asiwekewe kitu chochote mdomoni na asinyweshwe dawa wala maji ikiwa hawezi kumeza.

Mwezi Mei 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa pamoja wa mwaka 2022 hadi 2031 wa kukabiliana na kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu, unaolenga kuongeza upatikanaji wa dawa na wataalamu na kupunguza unyanyapaa. Utekelezaji wa mpango huo huanzia kwa mgonjwa kufika kituoni. Ndugu, mwalimu, kiongozi wa dini au mwenyekiti wa kitongoji anayemfahamu mtu mwenye shingo iliyopinda au mtoto aliyefichwa ndani kwa sababu ya miguu inayojisokota anaombwa kumwelekeza hospitali akapimwe, kwani huenda tiba yake ni vidonge ambavyo havijawahi kujaribiwa.